Hamna Shida, Mzee

Kuna matendo ambayo mtu huyatenda kwa nusu dakika, kisha akakaa nayo moyoni mwaka mzima. Kumwomba mtu akupishe kiti ni mojawapo. Ni jambo dogo mno, na wengi tukiulizwa tutasema halina uzito wa kuzungumzwa na watu wazima. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka siku moja mwezi wa Mei mwaka jana, nilipomwomba mtu kiti, akanipa, na nilipokwisha kukipata nikatamani angenikatalia.

Tulikuwa tunatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, mimi na mke wangu. Alikuwa ameandikiwa barua ya kumwona daktari bingwa wa moyo, na daktari wa hapa nyumbani alishauri asikae njiani muda mrefu. Aliyepangwa kumsindikiza ni binti yetu, na tiketi za ndege zilikuwa zimekwisha katwa. Siku mbili kabla ya safari binti akapata udhuru wa kikazi, ikabidi aifute tiketi yake nami nikate yangu. Ndiyo sababu mume na mke walijikuta mbalimbali: yeye safu ya saba, kiti cha dirishani, nami safu ya kumi na saba, nyuma kabisa.

Wanaoujua uwanja wa ndege wa Dodoma wanajua kwamba ni uwanja mdogo uliomezwa na mji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, miaka 43 baada ya uamuzi wenyewe kupitishwa mwaka 1973, ukumbi wa abiria haukosi watu: wabunge, makatibu, wahasibu na mikoba yao, wakandarasi, na mara mojamoja mgonjwa na mtu wake. Nilipofika dawatini nikamweleza binti aliyekuwa akitoa pasi za kupandia ndege kwamba ningependa kuketi na mke wangu. Akatazama kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Baba, ndege imejaa na viti vimeshagawiwa," akasema kwa upole. "Mkiingia ndani mwombeni abiria mwenzenu. Watu wana utu, mtapishwa."

Nikayaamini maneno hayo, tena nikayapenda.

Ndege yetu ilikuwa ile ya injini za panga, ichukuayo abiria 76, viti viwili huku na viwili kule, na katikati kijinjia ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana. Kando ya kiti cha mke wangu, upande wa njia, ameketi bwana mmoja wa makamo, amevaa suti ya kaki, mguu wake mmoja ameunyosha. Nikasimama mbele yake, na nyuma yangu wakasimama abiria kama kumi na mizigo yao mikononi. Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani safu tatu ziliisikia: "Samahani, ndugu yangu. Huyu ni mke wangu, ni mgonjwa wa moyo, na hajawahi kupanda ndege. Naomba unipishe nikae naye, wewe uende kwangu kule nyuma."

Alimtazama mke wangu. Akawatazama watu walionisimamia nyuma. Kisha akasema, "Hamna shida, mzee," akainuka.

Nami nikaketi nikiwa nimefurahi. Mhudumu akanitabasamia. Mama mmoja wa safu ya pili akasema, "Mungu akubariki, baba," kana kwamba mimi ndiye niliyetoa kitu. Tulipaa, tukaiona milima ikibaki nyuma na mashamba makavu yenye mibuyu, na katika muda usiozidi saa moja na ushee tukawa tumetua.

Yule bwana alikuwa wa mwisho kushuka. Nilimwona kutoka chini, akiteremka ngazi moja moja, mkono mmoja kwenye reli na mwingine umeshika paja. Goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki. Tulipokuwa tukingoja mizigo nilimfuata, nikamwamkia, nikamuuliza kama mguu unamsumbua. Akacheka. "Goti hili lilifungwa vyuma, mzee, halikunji. Ndiyo maana nilifika uwanjani asubuhi na mapema, nikawaomba wanipe kiti cha kando ya njia niweze kuunyosha. Kule nyuma dirishani imebidi nikae ubavu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu bila hasira yoyote, na jibu lake ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya: "Ningesemaje, mzee? Watu wote wananitazama, na mama yule anatetemeka. Ningeonekana mtu wa namna gani?"

Ndani ya teksi nilimsimulia mke wangu, nikitumaini atanifariji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi ningevumilia. Ni saa moja tu, na dirisha nilikuwa nalo. Wewe ndiye uliyekuwa unaogopa."

*

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama nilitenda kosa, na kama nilitenda, kosa lenyewe ni lipi. Maana utetezi ninao, tena wa kutosha. Kwanza, sikumnyang'anya mtu. Niliomba, na kuomba si dhambi. Pili, aliyeombwa alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na alikubali kwa kinywa chake. Tatu, haja yangu ilikuwa ya kweli: mke wangu ni mgonjwa kweli, na ndoa yetu ina miaka 38. Hebu tuzitazame hoja hizi moja moja, msomaji wangu, kwa sababu nadhani wengi wetu hujifichia humo.

Nianze na kuomba. Kuna tofauti kati ya kumwomba mtu faraghani na kumwomba hadharani. Ukinijia nyumbani ukaniomba jembe, ninaweza kukukatalia, na ukatoka bila mtu wa tatu kujua. Lakini ukiniomba mbele ya watu kumi, tena kwa kutaja ugonjwa wa mtu aliyeketi ubavuni mwangu, hapo umeniweka mahali pagumu. Nikikubali, nimetoa kiti. Nikikataa, nimetoa kiti na heshima yangu pamoja, maana nitakikalia safari nzima huku watu wakinitazama kama mtu asiye na huruma. Kwa hiyo katika lile ombi langu la adabu, lenye "samahani" na "ndugu yangu", ndani yake mlikuwa na fimbo. Sikuikusudia. Lakini aliyepigwa hakuulizwa kama niliikusudia.

Wanavyuoni wa Kiislamu wana kanuni mashuhuri kwamba kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu. Maana yake ni kwamba ukimfanya mtu atoe kitu kwa sababu tu anaona aibu kukunyima, hujapewa, umechukua. Mimi si Mwislamu, wala sidai kujua fikihi, lakini sijaona penginepo ambapo jambo hili limesemwa wazi zaidi. Sisi tumezoea kuisifu haya, na inastahili sifa, kwa kuwa ndiyo inayotuzuia kutenda mengi mabaya. Lakini mtu mwenye haya ni kama nyumba isiyo na komeo: kila anayesukuma mlango huingia. Na sisi wenye kusukuma huwa hatuulizi kwa nini mlango ulikuwa mwepesi.

Hoja ya pili ni ile ya kukubali. Alisema, "Hamna shida." Tena hakusema mara moja ila alikwisha inuka. Je, si ridhaa hiyo?

Sisi Watanzania tunayatumia maneno haya mawili kwa kazi nyingi mno. Fundi aliyechelewesha kazi wiki mbili huambiwa hamna shida. Mgeni aliyekuja saa tano za usiku bila taarifa huambiwa hamna shida, huku mama wa nyumba akihesabu unga uliobaki. Tunayasema pale ambapo kweli hakuna shida, na tunayasema vilevile pale ambapo shida ipo lakini tumeamua kuibeba wenyewe. Asikiaye anapaswa kupambanua, na upambanuzi huo hauko katika maneno. Uko katika macho, katika kitambo kile kifupi kabla ya jibu, katika namna mtu anavyoinuka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yule bwana alinyamaza kiasi cha kuvuta pumzi mbili. Mguu ulionyooka niliuona kwa macho yangu. Sikutaka kuuliza, kwa kuwa ningeuliza, huenda ningepata jibu.

Hapa ndipo ninapoona kosa langu la kwanza. Si kwamba niliomba, bali niliridhika upesi mno. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtu anayekaa kwenye kiti fulani ana sababu zake ambazo hazikuandikwa kwenye tiketi. Mmoja ana goti. Mwingine anaogopa dirisha. Mwingine ana tumbo linalomhangaisha na hataki kulitangaza. Mtu hapaswi kulazimishwa kuutaja ugonjwa wake mbele ya umati ili alinde kitu ambacho tayari ni chake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: haja. Kiswahili chetu kina maneno matatu yanayofanana kwa herufi na kutofautiana sana kwa maana: haja, hamu na hofu. Mtoto mdogo kuketi na mama yake ni haja, na sidhani kama kuna anayebisha. Wachumba kuketi pamoja ni hamu, hamu nzuri, lakini ni hamu. Mimi nilisimama katika njia ya ndege nikiamini ninaitetea haja ya mke wangu, kumbe nilikuwa naitetea hofu yangu. Nilikuwa nimesoma ile barua ya daktari usiku, peke yangu, mara tatu. Sikuweza kuvumilia kukaa safu kumi nyuma yake nikitazama visogo vya watu nisiowajua, nisijue yeye ana hali gani. Hofu hiyo siionei aibu. Lakini niliivika nguo za mgonjwa na kuisimamisha mbele ya mtu, na kwa sababu ya nguo hizo hakuweza kuikatalia. Laiti ningesema, "Ndugu yangu, nina wasiwasi, ningependa kukaa na mke wangu," angekuwa na nafasi ya kupima wasiwasi wangu dhidi ya goti lake. Huenda bado angenipisha. Lakini angekuwa amepisha kwa kupima, si kwa kubanwa.

*

Wa rika langu watakumbuka kwamba zamani tatizo hili halikuwapo kwa sura hii. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani, na kwa miaka mingi watu wa nyanda hizi za kati walisafiri kwa treni. Daraja la pili la kulala lilikuwa na vyumba vya watu sita, vitanda vitatu kila upande, na utaratibu ulikuwa mmoja: wanaume chumba chao, wanawake chumba chao. Mume na mke waliotaka kulala chumba kimoja ilibidi wakate tiketi za chumba kizima. Wengi tulitengana na wake zetu kituoni Dodoma, na kila treni iliposimama, Gulwe, Kidete au Kilosa, mume alishuka akaenda chini ya dirisha la mkewe kumpelekea ndizi na kumuuliza kama mtoto amelala. Utaratibu ule ulikuwa mkali, na wapo uliowaumiza. Lakini haukumtaka abiria yeyote aonekane mbaya. Aliyesema hapana ni shirika lenyewe, na shirika halioni haya.

Daraja la tatu ndiko kulikokuwa na neno lingine: sogea. Benchi la watu watatu lilikaliwa na watano. Mama mwenye mtoto akisimama mlangoni, hakuna aliyempa kiti chake. Kila mmoja alisogea kidogo, upana wa viganja viwili, na nafasi ikapatikana. Nimekuwa nikilifikiri neno hilo. Kusogea kunaigawa gharama ya wema kwa watu wote wa benchi. Kupisha kunaiweka gharama yote juu ya mtu mmoja. Kiti chenye namba hakisogei. Ni chako chote au si chako kabisa, na kwa hiyo kukiomba ni kuomba kitu kikubwa kuliko tulichozoea kuomba, ingawa tunatumia maneno yaleyale ya zamani.

Tena siku hizi mashirika mengi ya ndege duniani huuza hata uchaguzi wa kiti. Ukilipa zaidi, utachagua, usipolipa, utapangiwa. Kisha familia ikitawanyika, abiria huambiwa wamalizane wenyewe ndani. Naona hapo pana jambo lisilo sawa. Mwenye chombo anauza nafasi kwa fedha, kisha anatumainia utu wa abiria urekebishe bure kile alichokipanga. Binti yule wa dawatini hakuwa na ubaya wowote, na aliposema watu wana utu alisema kweli. Lakini utu wa watu si akiba ya ofisi, kwamba ichote humo kila ratiba inaposhindwa.

Wenzetu wa Kanada wamejaribu kuliwekea jambo hili sheria. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Desemba 2019, mtoto wa chini ya miaka 5 lazima apangiwe kiti kando ya mzazi wake. Wa miaka 5 hadi 11 awe safu moja na mzazi, wasitenganishwe kwa zaidi ya kiti kimoja. Wa miaka 12 au 13 asiwe mbali kwa zaidi ya safu moja. Na shirika halitozi ziada kwa hilo. Kinachonipendeza katika kanuni hii ni kwamba mtu amekaa akaipima haja: mtoto akizidi kukua, umbali unaruhusiwa kuongezeka. Tena imepimwa mapema, ofisini, mahali ambapo hakuna mtu anayetazamwa na safu tatu. Mume mwenye hofu hakutajwa humo, na nadhani ni sawa. Hofu yake ataomba mwenyewe.

Basi aombeje?

*

Mke wangu alibakizwa Dar es Salaam kwa matibabu ya wiki kadhaa, akakaa kwa mdogo wake. Mimi nilirudi Dodoma peke yangu kwa treni ya umeme, ile iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024. Kiti changu kilikuwa karibu na mlango wa behewa, hatua chache kutoka msalani. Nilikuwa nimekichagua makusudi, kwa kuwa nameza dawa za shinikizo la damu, na mtu wa umri wangu anayemeza dawa hizo hahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla hatujafika Morogoro alikuja binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, ambaye mwenzake alikuwa ameketi kando yangu. Aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini iliyoishia kwangu: "Shikamoo, baba. Rafiki yangu ni huyu hapa. Mimi niko kule katikati. Kama ukiweza tubadilishane ningeshukuru, lakini kama hupendi wala usijali, nitamuuliza mtu mwingine, au nitakaa tu kulekule."

Nilimwambia, "Marahaba, mwanangu. Leo siwezi."

Akasema, "Haya baba, asante," akatabasamu, akaenda zake. Baadaye nikawaona wote wawili wamepata nafasi mbele, kwa kijana mmoja aliyekuwa akisafiri peke yake na ambaye, nadhani, hakujali anakaa wapi.

Nilibaki nikitafakari. Ombi lake lilikuwa jepesi kuliko lile nililolitoa mimi, nami nilikuwa nimelikataa, bila kueleza kuhusu dawa zangu, bila kuona haya, na bila yeye kununa. Iliwezekana kwa sababu aliniomba huku ameuacha mlango wazi nyuma yangu. Alishusha sauti. Hakumtaja mgonjwa. Alisema hamu yake kuwa ni hamu. Na aliniambia kabla sijajibu kwamba akikosa hatapungukiwa na kitu. Mimi mwenye mvi sikuyafanya hata moja kati ya hayo.

Siamini kwamba tuache kuombana. Nchi ambayo watu wake hawaombani ni nchi ya wapweke, na nisingependa kuzeekea humo. Lakini nimejifunza kwamba anayeomba ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuomba. Ya pili, ambayo hatufundishwi, ni kumlinda anayeombwa ili aweze kukataa. Asiyeweza kukataa hajatoa, na anayepokea kutoka kwake hajui anapokea nini.

Yule bwana sijui aliko. Sikumuuliza jina. Ningekutana naye tena ndegeni ningemwambia akae palepale aunyoshe mguu wake, na mimi ningekwenda safu ya kumi na saba na hofu yangu.

Usiku ule nilipofika nyumbani nilimpigia mke wangu simu. Akaniuliza nimesafirije. Nikamwambia kuna binti aliniomba kiti nikamnyima. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Na mguu wako mzima!" Nikamweleza habari za dawa. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia hamna shida. "Sema kweli," akasema. Nikasema kweli: nilikuwa bado sijala.